Stempu za Malkia na Chumba cha Mbele

Haya, kaeni vizuri. Mwenye karanga mdomoni azimeze kabisa, maana hadithi hii yenyewe ina muuza karanga ndani yake na sitaki mtu anitafunie katikati ya maneno. Na nawaambieni mapema: mwisho wake sina. Mwisho nitawaachia nyie, mkigombana shauri yenu.

Palikuwa na watu watatu Tanga, pale Ngamiani, wa mtaa mmoja, na kila mmoja alikuwa na kipaji ambacho hakukisomea popote.

Wa kwanza ni Mwajabu, fundi cherehani. Mwajabu alikuwa na macho. Najua, na wewe unayo, lakini si kama ya Mwajabu! Mwonyeshe kitambaa asubuhi, uondoke nacho, na jioni atakwenda dukani peke yake arudi na uzi wa rangi ileile, bila kubeba hata kipande cha kulinganishia. Ukimwambia unataka kijani, atakuuliza kijani kipi: cha mchicha mbichi, cha mchicha uliopikwa, au cha mchicha uliolala? Alikuwa akishonea kwenye baraza za watu, na mvua ikianza kunyesha huikumbatia cherehani yake akakimbia nayo, nguo za wateja zinamning'inia shingoni.

Wa pili ni Semboja, muuza karanga. Yeye alikuwa na vidole. Karanga alizifunga kwenye vifuko vya karatasi alivyosokota mwenyewe, na kila karatasi aliyoipata aliisugua kwanza kati ya kidole gumba na cha shahada: hii ya gazeti, hii ya daftari, hii ya mtihani, na hii hapana, inakunywa mafuta, itamchafulia mteja mfuko wa shati. Wala haangalii. Anasugua huku amegeuka upande wa pili anabishana habari za mpira. Alikuwa akikaangia uani kwa shangazi yake, na shangazi moshi ulishamchosha, akamwambia waziwazi atafute pa kwenda.

Wa tatu ni Mama Chausiku, muuza mayai, mwanamke mnene wa cheko kubwa. Yai analiinua kwenye jua, analizungusha mara moja, anakwambia: hili zima, hili lina kifaranga, hili tupa mbali sana. Hajawahi kumuuzia mtu yai viza. Trei zake zilikaa chini ya mwavuli uliotoboka, na jua la Tanga mnalijua, halimwonei haya mtu wala yai.

Sasa mwenye kisa chenyewe ni Bi Kidawa. Bi Kidawa alikuwa na nyumba aliyorithi kwa mama yake, na nyumba ile ilikuwa na chumba cha mbele, mlango wake unafungukia barabarani. Kidogo mno: ukiingiza meza na kiti, umekwisha. Kinyozi aliyekuwa amepanga alihamia Muheza, na tangu siku hiyo wale watatu kila wakipita pale hupunguza mwendo. Wote walishaomba. Bi Kidawa akawajibu wote, "Tutaona," kwa sababu hakutaka kumnunisha jirani yeyote.

Mumewe ni Mzee Hemedi, mstaafu wa posta, mpole, na ugonjwa wake mmoja tu: stempu. Katika stempu zote alizopenda, kipenzi chake kilikuwa zile za Uhispania za zamani, alizoachiwa ndani ya kopo la biskuti na fundi mitambo mmoja Mhispania wa shamba la mkonge, siku alipokuwa akirudi kwao.

"Kidawa, njoo uone," Mzee Hemedi husema, na Bi Kidawa huja na ungo wake, anachambua mchele huku anasikiliza nusunusu. "Huyu malkia wao walimchapa miaka mitatu, mwaka baada ya mwaka, picha ileile, rangi zilezile nne. Kijani, nyekundu, buluu, zambarau. Ukimtazama hivi ni mmoja. Lakini mwaka wa kwanza karatasi yake ina ubuluu kwa mbali, na ndani yake mmefichwa alama za vitanzi. Mwaka wa pili karatasi inakwaruza, ndani mna mistari inayokatizana. Mwaka wa tatu karatasi nyeupe, laini, na ndani hamna kitu. Umeona?"

"Mmh," anaitikia Bi Kidawa, na kutupa kijiwe.

Thelathini, nasema miaka thelathini mzee wa watu alizichambua zile stempu. Kurasa tatu za albamu: vitanzi, mistari, tupu. Mpaka macho yakaingiwa na ukungu, ikawa anaigusisha albamu puani ndipo aone. Madaktari wakasema ni mtoto wa jicho, atolewe. Basi Ramadhani hiyo mwanawe akampeleka hospitali mjini Moshi kufanyiwa operesheni, arudi siku moja kabla ya Idi.

Huku nyuma Bi Kidawa yuko katika usafi wa Idi. Mnaujua usafi wa Idi, hausamehe kitu. Mapazia yamefuliwa, mazulia yamepigwa fimbo, vyombo vya kabatini ambavyo havijatumiwa tangu vinunuliwe vimeoshwa tena. Zamu ikaifikia albamu. Akaifungua, ikamtolea harufu ya vumbi na mende. Akasema moyoni, masikini mume wangu, anarudi na macho mapya aje aone uchafu huu? Hapana. Atazikuta zinang'aa.

Unaona mambo yanakokwenda, eh? Nyamaza, usimsemee.

Akazibandua stempu zote za kurasa zile tatu. Akazitia kwenye beseni la maji, akazisuuza taratibu, mwanamke ana mkono mwepesi, hata moja haikuchanika. Na yale maji ya mwisho, kwa kuwa ndivyo anavyofua kanzu za mumewe, akayatia wanga kidogo ili zikae wima. Kisha akatandika uani kanga yake mpya ya Idi, buluu, haijawahi kuguswa na maji, akazianika juu yake zote pamoja. Akaenda kuwasha moto wa futari, anaimba.

Zilipokauka akachukua albamu azirudishe. Ukurasa wa kwanza. Akamtazama malkia. Akamtazama malkia mwingine. Malkia wote wanaangalia upande mmoja, wote wamefunga nywele namna moja. Yupi wa vitanzi? Yupi wa mistari? Na alipomgeuza mmoja nyuma, akaona kanga imechuja rangi, karibu karatasi zote zina ubuluu.

"Yarabi!" akasema Bi Kidawa. "Nimeziua."

Hakuogopa kugombezwa. Mzee Hemedi hakuwa mtu wa kelele. Aliogopa jambo moja tu: kwamba mumewe atafungua albamu na macho yake mapya, atazame, anyamaze, halafu aseme kwa upole, "Haidhuru, mke wangu." Haidhuru hiyo ndiyo iliyomliza. Alijiona ataibeba mpaka kaburini. Akatoka akaketi kwenye kizingiti cha chumba cha mbele, beseni la stempu mapajani, machozi yanamtoka bila kificho.

Mwajabu akamwona kutoka barazani alikokuwa akishona. Semboja akamwona kutoka mlango wa uani kwa shangazi. Mama Chausiku akamwona, na kumwona kwake ni kupiga kelele, "Shoga yangu! Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimezifua stempu za Hemedi."

Akawaeleza yote: vitanzi, mistari, tupu. Hapo ndipo alipogundua kumbe maneno ya mumewe yote yalikuwa yamemwingia, mchele na kijiwe chake. Akamaliza kwa kusema, na mtaa mzima ukisikia: "Jamani, haki ya Mungu, atakayeniokoa na jambo hili kabla Hemedi hajarudi, chumba hiki cha mbele chake. Bila kodi. Mpaka nife."

Wote watatu wakavua viatu, wakaingia uani.

Alianza Mama Chausiku. Aliokota stempu moja kwa kucha, akaiinua kwenye jua kama anavyoinua yai, akaizungusha, akafumba jicho moja. "Kha! Shoga, ndani mna kitu! Tazama vitanzi hivi, kimoja kimeshikana na mwenziwe." Akaiweka kushoto. Ya pili ikatoa mistari, akaiweka katikati. Ya tatu tupu, akaiweka kulia. Basi akaendelea hivyo, anainua, anazungusha, anaweka, jasho linamtiririka na saumu juu. Ilikuwa ni majira ya wapika keki za Idi, wateja wake wakubwa wa mwaka, wakaja wakapiga hodi kwenye mwavuli, wakakosa mtu, wakaenda kununua kwa mwingine. Aliambiwa. Akasema, "Waende." Lundo kubwa likapungua. Lakini zikabaki zile zilizogongwa mhuri mzito wa posta, wino mweusi umefunika uso wa malkia mpaka shingoni. Hizo akiziinua, giza tupu.

"Hizi zimepakwa lami," akasema. "Siwezi kusema uongo, mimi hapa basi."

Semboja akalivuta lile fungu la lami. Akazigeuza kifudifudi, akafumba macho, akaanza kusugua. "Hii inakwaruza, kama karatasi ya mfuko wa saruji iliyooshwa. Mistari. Hii laini, tupu. Hii... hii si laini si ya kukwaruza, ina uzito wa katikati, fananisha na zile za Mama Chausiku za kushoto." Wakafananisha, ndiyo, mwenzao. Alisugua mpaka ncha za vidole zikamwia nyekundu. Kule kwa shangazi alikuwa ameacha sufuria ya karanga za kuuza baada ya futari. Harufu ya kuungua ikavuka ukuta, kisha ikavuka sauti ya shangazi, na maneno aliyoyasema shangazi siku ya mfungo siyarudii mimi. Semboja hakuinuka. Lakini naye akakwama. Zilikuwapo stempu ngumu, zimekakamaa, zote zinamwambia kidole neno moja.

"Bi Kidawa, samahani, hizi ulizipiga pasi?"

"Wanga kidogo tu, mwanangu. Naona ulituama chini ya beseni, ukazishika za huko."

"Wanga!" Mama Chausiku alicheka hadi akaegemea mtungi. Bi Kidawa akataka kulia tena, ikamtoka cheko badala yake.

Zamu ikamfikia Mwajabu. Yeye si mtu wa maneno. Alikuwa ameacha magauni ya watoto ya Idi hayajatiwa mikono, na mama wawili wamekwisha kuja mlangoni kumuuliza kama ana akili timamu. Akazisogeza zile zenye wanga kivulini, mbali na jua, akazipanga moja moja. "Buluu hii ya kanga," akasema taratibu, "imekaa juu, imeshika kwenye kingo, nayo inaelekea zambarau. Buluu ya karatasi yenyewe imeingia mwilini, inaelekea kijani, kama maji ya mwisho ya kufulia sare za shule. Na nyeupe hizi si moja, mama. Hii ni ya maziwa yaliyochemka, ile ni ya chokaa." Vidole vyake vikaenda huku na huku. Za ubuluu wa kweli, ukurasa wa kwanza. Za maziwa, wa pili. Za chokaa, wa tatu. Wakazipima na zile zilizokwisha kujulikana, hakukosea.

Ikabaki moja. Zambarau. Ina mhuri mweusi juu, ina wanga nusu, ina madoa ya kanga. Haina mwenyewe.

Mama Chausiku akaiinua: "Naona kama kijitanzi kimoja pembeni, nusu yake. Peke yake siwezi kuapa." Semboja akaisugua upande usio na wanga: "Uzito wa katikati. Peke yake siwezi kuapa." Mwajabu akaitazama katikati ya madoa: "Chini ya kanga pana ubuluu mwingine, wa kwake. Peke yake siwezi kuapa." Ushahidi wa watatu ukakubaliana. Ikaingia ukurasa wa kwanza.

Mzee Hemedi akarudi, kavaa miwani myeusi, anacheka na kila mtu njiani kwa sababu anamwona. Bi Kidawa hakusubiri hata avue viatu.

"Mume wangu, nimezifua stempu zako za Uhispania."

"Umezifua?"

"Na wanga."

Mzee akaketi. Akavua miwani, akafungua albamu. Akaleta kisahani chake cheusi na kichupa cha petroli, dawa yake ya kulazimisha alama za ndani zionekane, akawa anatia stempu moja, anatazama, anatoa, anatia nyingine. Bi Kidawa amesimama nyuma yake, roho mkononi. Ukurasa wa tatu, sawa. Wa pili, sawa. Wa kwanza, akafika kwenye ile zambarau, akasita.

"Nani kaiweka hii hapa?"

Bi Kidawa akashika mgongo wa kiti. "Kwani... ilikuwa wapi?"

"Ukurasa wa tatu. Tangu enzi za kopo la biskuti mimi nimeiweka ukurasa wa tatu." Akaitia kisahanini. Akainama. Alipoinua uso, yale macho mapya yalikuwa yamejaa maji. "Vitanzi, Kidawa! Mhuri ulinidanganya, wala petroli sikuwahi kuitia. Zambarau ya vitanzi ndiyo niliyokuwa nikiitafuta ujana wangu wote, nimeandika barua nchi ngapi nikiiomba, kumbe nimelala nayo nyumba moja!" Akamshika mkewe mikono yote miwili, akacheka kama hajawahi kuugua. Hakuna haidhuru iliyotamkwa siku hiyo. Bi Kidawa alifurahi, akalia, akapika futari mara mbili.

Haya. Asubuhi ya Idi, watu wametoka kuswali, wale watatu hao barazani, kila mtu na nguo yake mpya. Hawakuja kudai, wamekuja kupeana mkono wa Idi. Lakini kila mmoja jicho moja liko kwenye mlango wa chumba cha mbele, na Bi Kidawa amekwisha kutoka na ufunguo.

"Shoga, tusemezane," akasema Mama Chausiku. "Nani aliyejua kwamba ndani mna kitu? Bila mimi wangeanzia wapi? Hawa walifananisha na zangu."

"Ulianza wewe, mama yangu, nakubali," akasema Semboja. "Lakini kuanza si kumaliza. Ulipoona giza ulisema mimi basi. Nikaingia gizani nimefumba macho."

"Na mlipokwama wote wawili?" akauliza Mwajabu, akakomea hapo.

Bi Kidawa akamgeukia mumewe. Mzee Hemedi akajifanya anafuta miwani. "Nyumba ya mama yako, ahadi ya mdomo wako. Mimi nimerudi jana tu."

Wakawaza wakae wote. Semboja akikaanga, magauni ya Mwajabu yananuka moshi na mayai ya Mama Chausiku yanaiva kwenye trei. Mwajabu na Mama Chausiku peke yao? Cherehani ikitikisa meza, trei zote chini. Zamu kwa zamu? Semboja akasema mteja aliyezoea karanga leo akikuta mayai kesho, keshokutwa haji.

"Basi ngojeni," akasema Bi Kidawa, uso umemchangamka. "Nani aliyezivuruga mpaka kosa la ukurasa wa tatu likajulikana? Si mimi? Bila beseni langu Hemedi angekufa hajui anacho. Chumba changu mwenyewe!"

Barazani pote wakaangua kicheko, hata wapita njia. Bi Kidawa naye akacheka, kisha cheko likamwishia. Aliwatazama: vidole vya Semboja bado vyekundu; Mama Chausiku, msimu wake wa mayai umekwenda kwa mwingine; Mwajabu, wateja wawili hawamwamkii. Wote walimpenda vya kutosha kuacha riziki zao na kuingia uani kwake. Mtaa ni mmoja, na yeyote atakayemnyima atakutana naye kila asubuhi ya maisha yake. Akanyoosha mkono wenye ufunguo. Watatu wakasimama.

Na mimi namwacha hapohapo, mkono uko hewani. Mama Chausiku alizitambua nyingi na ndiye aliyewafungulia njia wenzake. Semboja aliingia palipomshinda yeye. Mwajabu aliingia palipowashinda wote. Na ile zambarau iliyomliza mzee hakuna hata mmoja aliyethubutu kuiapia peke yake.

Je, wewe ungeamua vipi? Sema, ufunguo unamngoja mtu. Na asije mtu akaniambia wagawane, chumba ni kidogo, nimeshasema.